Hesabu Toka Upande wa Ufa

Daftari la shule liliniandika Zenobia Colque.
Bibi, kwa Kiaimara chake, aliniita Wara, nyota.
Wenzangu darasani waliniita Kabaidi
kwa sababu sweta langu lilinuka taa ya baba:

vitunguu saumu na chokaa iliyolowa.
Jiwe la kijivu ndani ya kopo la shaba,
tone la maji, tone la maji,
na gesi ikatoka ikifoka kama paka aliyekanyagwa
mpaka baba aiwashe.
Asetilini, alisema. Hakujua jina lingine,
na miaka ishirini na sita chini ya Santa Rufina
haikumdai lingine.

Kisha akaja Mwalimu Casimira Yujra kutoka Oruro,
koti lake limeungua kwa asidi mfukoni,
akaandika ubaoni: ETHAINI.
Ni yuleyule, akasema. Hili ni jina lake la cheti.

Kaboni ana mikono minne, hana zaidi.
Akimpa mwenzake mmoja, mitatu hubaki kwa wageni.
Akimpa miwili, huwa bapa, hageuki kiunoni;
aliye upande huu hubaki upande huu,
aliye ng'ambo, ng'ambo,
na hayo ni majina mawili, msiyachanganye.
Akimpa mitatu, wote hunyooka kama reli,
haidrojeni mmoja huku, mmoja kule, basi.
Hizi, akasema, ndizo zisizoshiba.

Tulicheka. Ilikuwa Agosti, na duka la kampuni
lilikuwa limefungwa wiki ya tatu.
Tukajipiga matumbo: Alkeni! Alkaini!
Yeye hakucheka. Alidondosha bromini ya hudhurungi
ndani ya chupa, na rangi ikamezwa
kabla hatujamaliza kelele.

Usiku nilitunga beti ya kukariri:

Shika mkufu mrefu, wenye pingu maradufu,
Hesabu toka jirani, pingu iwe ya mwanzoni,
Pingu mbili jina -eni, pingu tatu ni -aini.

Baba alikuwa akivua viatu.
Rudia, akasema. Hapo pa kuhesabu.

Nikamchorea juu ya plastiki ya meza, kwa kidole chenye chai:
kaboni tano, na kifungo cha mbili
baina ya ya pili na ya tatu.
Ukianzia kushoto ni pent-2-eni.
Ukianzia kulia utasema tatu, na utakuwa umekosea.

Kwa nini wapahesabie hapo?

Kwa sababu hapo ndipo panapofunguka, nikasema.
Kwingine kumetulia. Hapo ndipo jambo hutokea.

Akavua kiatu cha pili. Akakishika.
Chumba cha nne, akasema, kilikuwa na nguzo tano za mkalitusi.
Paa lilishuka baina ya ya pili na ya tatu.
Policarpo Ticona alikuwa chini yake.
Aliyepiga simu juu alihesabu toka mlango wa nyuma,
akasema, baada ya nguzo ya tatu.
Wao waliingilia mlango wa mbele.
Wakachimba baada ya ya tatu
saa kumi na moja.

Sikujua la kusema. Niliangalia kaboni zangu zikikauka,
kwanza wa mwisho, kisha wa nne.

Alfajiri alijaza kopo lake,
akasita mlangoni na kofia mkononi,
akaniuliza lile jina la cheti.
Ethaini.
Akalijaribu mara mbili, kama mtu anayeng'ata sarafu
kuona kama ni fedha kweli.
Akawasha. Akaenda.

Mtihani ulikuwa Novemba.
Swali la saba lilikuwa na kaboni sita na tawi moja.
Nilihesabu, nikapata jibu,
na kabla sijaandika namba yoyote
niligeuza karatasi juu chini,
nikaanza upya toka ncha ile nyingine.